Halloween ninayoijua huku Ireland

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nami nichangie katika mjadala wa Halloween, ambao kila ifikapo mwisho wa Oktoba huzuka upya magazetini, redioni na katika makundi ya WhatsApp ya Watanzania tunaoishi nje. Upande mmoja husema kwamba hiyo ni siku ya kumwabudu Shetani, na kwamba mzazi anayemruhusu mwanawe avae kinyago amemkabidhi kwa nguvu za giza. Upande wa pili, hasa vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wanaokwenda kwenye kumbi za starehe wakiwa wamejipaka damu ya bandia, husema kwamba ni burudani tu ya Wamarekani na haina maana yoyote ya kuchunguzwa. Mimi naishi na kulea watoto katika Kaunti ya Meath, nchini Ireland, mahali ambapo usiku huo umeadhimishwa tangu kabla Wazungu hawajajua kama kuna bara la Amerika. Naandika kwa sababu pande zote mbili zinabishania bidhaa ya dukani, na zote zimeacha nje mambo ambayo wazee wa huku huyahesabu kuwa ndiyo sikukuu yenyewe, yaani chakula cha nyumbani, hadithi za kando ya moto na kumbukumbu ya marehemu.

Nianze na kalenda. Tarehe 31 Oktoba, yaani Halloween yenyewe, ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, ambayo huadhimishwa tarehe 1 Novemba, na kesho yake ni Kumbukumbu ya Marehemu Wote. Siku hizi tatu zimeshikana, na ni vigumu kuieleza mojawapo bila kuzigusa nyingine. Msomaji Mkatoliki aliyeko Moshi, Bukoba, Kisii au Bukavu anazijua mbili za mwisho vizuri sana: anajua familia zinavyokwenda makaburini kufyeka majani, kusafisha misalaba na kuwasha mishumaa, na anajua kwamba katika mwezi wa Novemba majina ya marehemu huombewa kanisani. Mkesha peke yake ndio uliosahaulika kwetu, kisha ukatujia kwa njia ya filamu ukiwa umevaa kinyago, nasi tukaupokea kama mgeni asiye na ukoo.

Sikukuu ya Watakatifu Wote ilihamahama kabla ya kutulia ilipo. Mwaka 609 Papa Bonifasi IV aliliweka wakfu jengo la Pantheon mjini Roma, ambalo zamani lilikuwa hekalu la miungu, liwe kanisa la Bikira Maria na mashahidi wote, na siku ya kumbukumbu hiyo ikawa tarehe 13 Mei. Katika karne ya 8 Papa Gregori III aliwatengea watakatifu wote mahali pa ibada ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro, na mnamo mwaka 835, wakati wa Papa Gregori IV, tarehe 1 Novemba ikaagizwa ishikwe katika milki ya Wafaranki. Siku ya Marehemu Wote ilifuata baadaye, ikianzia katika monasteri ya Cluny nchini Ufaransa, chini ya abati wake Odilo, mwaka 1000 ulipokuwa unakaribia. Nayataja haya kwa sababu nimewasikia wahubiri wakidai kwamba Kanisa liliiiba tu sikukuu ya wapagani wa Ireland na kuibandika jina jipya. Mambo hayakuwa mepesi kiasi hicho. Kalenda ya watakatifu iliyoandikwa na watawa wa Ireland wenyewe mnamo mwaka 800 hivi iliiweka sikukuu ya watakatifu wote tarehe 20 Aprili, jambo linaloonyesha kwamba tarehe ya Novemba haikutoka kwao. Mikondo miwili, wa Kanisa na wa kijijini, ilikutana katika majira yaleyale ya mwaka na ikachanganyika taratibu, nyumbani kwa watu, bila amri ya mtu mmoja.

Mkondo wa kijijini huitwa Samhain, na hadi leo hilo ndilo jina la mwezi wa Novemba katika lugha ya wenyeji. Watu wa kale wa huku waliugawa mwaka katika nusu mbili, ya mwanga na ya giza, na Samhain ilikuwa mlango wa kuingilia nusu ya giza. Ng'ombe waliokuwa malishoni vilimani tangu Mei walirudishwa nyumbani, wale wasioweza kulishwa majira yote ya baridi wakachinjwa, mavuno yakawa yamekwisha kuingizwa ghalani, na mikataba na madeni yakatazamwa upya. Anayeishi hapa huielewa siku hiyo kwa mwili wake kabla ya kuielewa kwa akili. Saa hurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na ghafla watoto wanatoka shuleni jioni ikiwa imekaribia, upepo unavua miti majani, na unyevu unaingia hadi kwenye nguo zilizo kabatini. Si ajabu kwamba watu waliofuga na kulima katika baridi hiyo, wakiwa na moto wa kuni na wa mboji ya kinamasi iliyokaushwa peke yake, waliona kwamba ukuta kati ya walio hai na waliokufa huwa mwembamba wakati huo.

Kaunti yetu imejaa mahali panapohusishwa na usiku huo. Kwenye kilima cha Tara, palipokuwa makao ya wafalme wakuu, kuna kaburi la kale la mawe lililofunikwa kwa udongo, lenye umri wa takriban miaka 5,000, na njia yake ya ndani imeelekezwa ili jua linalochomoza mwanzoni mwa Novemba lipenye mpaka mwisho wa chumba. Upande wa magharibi, karibu na mji mdogo wa Athboy, kuna kilima kiitwacho Tlachtga. Padre na mwanahistoria Geoffrey Keating aliandika katika karne ya 17 kwamba zamani, usiku wa Samhain, makuhani wa kale waliwasha moto mkubwa pale, na kwamba mioto yote ya nchi ilipaswa kuzimwa na kuwashwa upya kutokana na moto huo. Keating aliandika karne nyingi baada ya mambo anayoyasimulia, kwa hiyo sitaki kumfanya shahidi wa macho. Lakini hata leo watu wa Athboy hupanda kilima hicho tarehe 31 Oktoba wakiwa na mienge, wazee kwa watoto, na tangu mwaka 2019 kuna tamasha linalofanyika katika miji ya Athboy na Trim kwa ajili ya usiku huo.

Hadithi ya Tara ninayoipenda kuliko zote ni ya Aillén, kiumbe wa ulimwengu wa chini aliyekuwa akija kila Samhain na kinubi chake. Alipiga muziki mtamu kiasi kwamba walinzi wote walisinzia, kisha akapuliza moto kutoka kinywani na kuliteketeza jumba la mfalme, na mwaka uliofuata, lilipokwisha kujengwa upya, alirudi tena. Siku moja alitokea kijana Fionn mac Cumhaill, ambaye aliambiwa siri ya kushinda usingizi ule: aliiweka ncha ya mkuki wenye sumu karibu na paji la uso wake, akabaki macho wakati wengine wote wamelala, akamwua Aillén na kupewa uongozi wa mashujaa wa nchi. Watoto wa shule za msingi hapa hufundishwa hadithi hiyo, na wanangu huisimulia kwa Kiswahili kwa bibi yao kwa simu. Bibi huwalipa kwa hadithi ya zimwi na ngoma yake, na sioni kwamba mmoja kati yao amepoteza imani kwa kubadilishana hadithi.

Viumbe waliotajwa zaidi katika usiku huo ni watu wa vilima, ambao kwa jina la Kiingereza hutafsiriwa vibaya kuwa vijitu vyenye mabawa. Mzee wa kijijini hapa hakuwaona hivyo. Kwake walikuwa jamii kamili, warefu na wenye fahari, wenye ng'ombe na ugomvi wao, wanaoishi chini ya vilima vya makaburi ya kale, na milango yao hufunguka usiku wa Samhain. Hakuwaabudu, aliwaogopa na kuwapa heshima, akaepuka njia zao, na hata leo kuna wakulima wasiokata mti wa miiba uliosimama peke yake katikati ya shamba. Msomaji wa pwani aliyekua akiambiwa asimwage maji ya moto nje usiku bila kutoa taarifa ataelewa mara moja. Kuna pia Púca, kiumbe anayebadilika sura, ambaye mara nyingi huonekana akiwa farasi mweusi. Inasemwa kwamba baada ya usiku huo yeye huyatemea mate matunda meusi ya vichaka vya miiba yanayoota kando ya barabara, na ndiyo maana mtoto hukatazwa kuyachuma mwezi wa Novemba. Katazo hilo lina busara yake, kwa maana matunda hayo kufikia wakati huo huwa yameanza kuoza na kuota ukungu. Katika Kaunti ya Roscommon kuna pango jembamba la Rathcroghan, liitwalo Pango la Paka, ambalo maandishi ya zama za kati yanalitaja kuwa tundu ambamo viumbe vya kutisha hutokea na kuharibu nchi.

Hapo ndipo vinyago vinapoingia. Katika maelezo yanayotolewa na wazee wengi, mtu aliyelazimika kutoka nje usiku huo aligeuza koti lake au alijipaka masizi ya jikoni usoni ili viumbe wa usiku wasimtambue. Vijana walivaa nguo kuukuu za wazazi wao na vifuniko vya majani makavu ya nafaka. Katika sehemu za Kaunti ya Cork, katikati ya karne ya 19, kundi la vijana lilizunguka mashambani likipuliza pembe, likiongozwa na mtu aliyejifunika shuka jeupe akiigiza farasi jike, na kila nyumba ilitoa chakula au fedha. Vinyago vya plastiki vya mafuvu na majeraha yanayovuja damu ni vya juzi tu, na mimi pia sivipendi.

Na taa ya boga lililochongwa, inayowashwa usiku huo? Taa ina hadithi yake, nayo imejengwa juu ya mtu bahili. Jack alikuwa mlevi na mjanja, asiyemlipa mtu chochote. Jioni moja alikunywa na Ibilisi, na malipo yalipodaiwa, akamshawishi ajigeuze sarafu ili mwenye duka alipwe. Ibilisi alipojigeuza, Jack akaitia sarafu mfukoni, palipokuwa na msalaba mdogo, akamkwamisha hapo mpaka alipoahidi kumwacha kwa muda. Muda ulipokwisha Ibilisi alirudi, na Jack akamwomba tufaha moja la mwisho kutoka juu ya mti. Ibilisi alipopanda, Jack akachonga msalaba kwenye shina, na Ibilisi hakushuka mpaka alipoapa kwamba kamwe hataichukua roho ya Jack. Jack akafa. Mbinguni hakupokelewa kwa sababu ya maisha yake, na kuzimu hakupokelewa kwa sababu ya kiapo. Aliporudi gizani, Ibilisi alimrushia kaa la moto lisilozimika ili limwongoze njia, naye akalitia ndani ya tanipu aliyokuwa akiila, akaanza kuzurura duniani, na mpaka leo anazurura. Niwaulize wale wanaosema kwamba usiku huu unamtukuza Shetani: katika kisa hiki Shetani anatukuzwa wapi? Anadanganywa mara mbili, anazuiwa na msalaba mara mbili, na mwanadamu mwenye hila naye anaonyeshwa mwisho wake. Ningeweza kukisimulia kisa hicho katika darasa la katekisimu bila kubadili neno.

Tanipu ni mboga ya mzizi, ya mviringo na ngumu, na kuichonga ni kazi ya jioni nzima inayotia malengelenge mikononi. Katika Jumba la Makumbusho la Maisha ya Vijijini la Turlough, Kaunti ya Mayo, ipo sanamu ya plasta iliyofinyangwa kutoka kwenye tanipu halisi ya Fintown, Kaunti ya Donegal, ya mwanzoni mwa karne ya 20. Imenyauka, ina macho madogo na meno yaliyopangika ovyo, na inatisha kuliko boga lolote nililowahi kuliona. Boga ni zao la Amerika. Waliolitwaa badala ya tanipu ni wahamiaji waliolikuta huko, wengi wao wakiwa wamekimbia njaa kuu ya Ireland ya miaka ya 1845 hadi 1852, ambapo viazi viliharibiwa na ugonjwa, watu wapatao milioni moja wakafa na wengine zaidi ya milioni moja wakaondoka. Katika mizigo yao michache walibeba usiku huu. Anayeuita utamaduni wa duka la Marekani na akumbuke kwamba walioufikisha Marekani walifika wakiwa na njaa.

Sasa niingie jikoni, ambako ningependa wasomaji wako wakae muda mrefu zaidi. Mkesha wa Watakatifu Wote ulikuwa siku ya kujinyima nyama kwa mujibu wa desturi ya Kanisa, na kwa hiyo vyakula vyake vyote vya asili ni vya viazi, mboga, nafaka, maziwa na matunda. Cha kwanza ni colcannon: viazi vilivyochemshwa na kupondwa pamoja na maziwa, vikachanganywa na kabichi au majani ambayo ni ndugu wa sukuma wiki yetu, pamoja na majani ya kitunguu. Katikati ya sahani huchimbwa shimo na kutiwa siagi, na kila mlaji huchovya kijiko chake humo kuanzia ukingoni. Sarafu zilizosafishwa na kufungwa karatasi zilifichwa ndani kwa ajili ya watoto. Katika baadhi ya nyumba sahani moja iliachwa mezani au kizingitini usiku, moto ukaachwa ukiwaka na mlango bila komeo, ili marehemu wa familia wakipita wajue kwamba hawajasahauliwa.

Cha pili ni barmbrack, mkate mtamu wenye zabibu kavu, na huo ndio ladha ya Oktoba kwa kila niliyezungumza naye hapa. Ule wa asili huumuliwa kwa hamira. Wa nyumbani, ulio rahisi zaidi, hutumia chai. Zabibu kavu hulowekwa usiku kucha katika chai kali ya rangi iliyopoa, asubuhi huchanganywa na unga, sukari, yai na viungo vya kunukia vinavyofanana sana na vya pilau tamu za Unguja, kisha huokwa polepole kwa zaidi ya saa moja. Hukatwa vipande vinene na kupakwa siagi. Na niongeze hili kwa furaha: sehemu kubwa ya chai inayonywewa Ireland hutoka Kenya na majirani zake wa Afrika Mashariki, kwa hiyo katika mkate huo wa sikukuu ya Waairishi mna jasho la wachumaji wa Kericho. Ndani ya mkate hufichwa vitu vya kubashiria mwaka ujao. Anayepata pete ataoa au kuolewa, mwenye sarafu atapata mali, mwenye kipande cha kitambaa atakuwa maskini, mwenye punje ya njegere hataolewa mwaka huo, na mwenye kijiti atakuwa na ndoa ya ugomvi. Mikate inayouzwa madukani hadi leo huwa na pete ndani yake, na sijawahi kumwona mtu mzima, awe daktari au fundi bomba, aliyepata pete hiyo akakaa kimya.

Ubashiri huo wa jikoni ulikuwa na namna nyingi. Wasichana waliweka njugu mbili za mti wa heizeli kando ya moto, moja kwa jina lao na nyingine kwa jina la kijana; zikiungua pamoja kwa utulivu, ndoa ingekuwa ya amani, na moja ikiruka, mambo yameharibika. Nchini Uskoti vijana walifungwa macho na kupelekwa bustanini kung'oa shina la mboga, na unyoofu wa shina na udongo ulioshika mizizi vilieleza umbo na mali ya mchumba. Kulikuwa pia na mchezo wa sahani tatu, ambao aliyefungwa macho aligusa mojawapo: pete ilimaanisha ndoa, maji yalimaanisha safari ya mbali, na udongo ulimaanisha kifo. Naelewa kwa nini kiongozi wa dini atasema kwamba ramli ni ramli hata ikiwa mchezo, na simlaumu akisema. Namwomba tu aseme akijua kwamba anazungumzia watu waliokuwa wakicheka pamoja jikoni katika nchi ambayo safari ya mbali na udongo vilikuwa karibu na kila familia.

Kuhusu desturi ya watoto kwenda mlango kwa mlango, kiini chake ni cha Kikristo kuliko wengi wanavyodhani. Nchini Uingereza, katika zama za kati na baadaye, maskini walizunguka nyumbani kwa watu wakati wa siku hizo wakipewa vikeki vidogo, na badala yake waliahidi kuwaombea marehemu wa nyumba hiyo. Uskoti na Ireland mtoto aliyebisha hodi alitakiwa kuimba, kukariri shairi au kutegua kitendawili kabla ya kupewa kitu. Wazee wa Dublin hukumbuka kwamba walipiga kelele mlangoni wakiomba matufaha na njugu, wala si pipi. Karanga zenye maganda bado hutolewa, na watoto wangu hurudi nazo mfuko mzima, nami huzikaanga kwa chumvi kama tunavyofanya nyumbani. Pipi zilitawala Amerika Kaskazini baada ya Vita Kuu ya Pili, mgawo wa sukari ulipoondolewa Marekani mwaka 1947. Hata huko lakini wema haukufa: mwaka 1950 mume na mke wa Philadelphia waliwafundisha watoto kukusanya senti badala ya pipi kwa ajili ya UNICEF, na desturi hiyo imeendelea kwa miongo mingi.

Simaanishi kwamba kila kitu cha usiku huu kifumbiwe macho. Iko hatari ya kweli, nayo haitokani na mizimu. Hapa Ireland vikosi vya zimamoto hukesha usiku huo, kwa sababu vijana huwasha matairi na mbao zenye rangi katika viwanja vya makazi, na fataki, ambazo kwa raia wa kawaida nyingi zimepigwa marufuku na sheria, huunguza mikono na macho. Nguo za bei rahisi za nailoni hushika moto wa mshumaa kwa urahisi. Na tarehe 29 Oktoba 2022, katika mtaa wa Itaewon mjini Seoul, umati wa vijana waliokwenda kusherehekea ulibanana katika kichochoro chembamba na watu 159 wakapoteza maisha. Hilo ndilo ningependa lihubiriwe kila Oktoba kwa wenye kumbi za Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Kampala: milango ya dharura iko wapi, imefunguliwa, na watu wangapi wameruhusiwa kuingia. Vilevile ningependa vijana wetu waache kumvaa mganga wa kienyeji kama kinyago cha kuchekesha. Huku ugenini tunawaeleza majirani kwa subira kwamba mavazi ya babu zetu si vitisho vya usiku mmoja, na inatuumiza tunapoona picha za ndugu zetu wa nyumbani wakifanya jambo lilelile.

Mzazi Mwislamu au wa kanisa la kiroho anayeamua kwamba watoto wake hawatashiriki ana haki yake, na shule za hapa ninazozifahamu huiheshimu. Jirani yangu kutoka Mombasa hufunga mlango wake usiku huo, lakini kesho yake huleta sahani ya kaimati kwa watoto wa mtaa, nao humpelekea kipande cha mkate wa zabibu. Tunaishi vizuri. Kinachotugawa ni maneno makali yanayofika kutoka nyumbani, yanayowaambia watoto waliozaliwa huku kwamba walimu na majirani zao ni watumishi wa Ibilisi kwa sababu wamechonga boga.

Mambo mengi niliyoyaeleza hapo juu yanajulikana leo kwa sababu ya kazi iliyofanywa na watoto. Kati ya mwaka 1937 na 1939, Tume ya Ngano (yaani hadithi za jadi) ya Ireland ilizishirikisha shule za msingi zipatazo 5,000, na wanafunzi wapatao 50,000 walirudi nyumbani na madaftari yao kuwauliza wazazi, babu, bibi na majirani kuhusu hadithi, vyakula, tiba, visima vitakatifu na sikukuu, kisha wakayaandika majibu kwa mwandiko wao. Madaftari hayo yamehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha University College Dublin na kila mtu anaweza kuyasoma mtandaoni. Nimesoma kurasa za watoto wa kaunti hii wakieleza jinsi bibi zao walivyopika colcannon, na ninajua kwamba wengi wa bibi hao walizaliwa karne ya 19 na hawakuacha andiko lingine lolote.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, nina ombi. Oktoba hii, pamoja na maoni ya wachungaji na matangazo ya kumbi, tafadhali utenge nusu ukurasa wa watoto na uwaombe wasomaji wako wa shule za msingi wamwulize mzee mmoja nyumbani maswali matatu: marehemu wa familia yetu tunawakumbuka siku gani na kwa namna gani, chakula gani hupikwa siku hiyo, na hadithi gani ya kutisha aliyosimuliwa alipokuwa mtoto. Watakaojibu watatoka katika nyumba za hitima na za misa, za matambiko na za mikesha ya nyimbo, na naamini utapata barua nyingi kuliko utakazoweza kuchapisha. Zile zitakazobaki naomba zisitupwe; zikabidhiwe maktaba ya chuo kikuu chochote kitakachokubali kuzitunza, zikiwa na jina la kijiji na mwaka. Kwa upande wangu niko tayari kukutumia vipimo kamili vya mkate wa barmbrack kwa jiko la mkaa, nilivyovijaribu nilipokuwa likizo nyumbani, endapo ukurasa wa mapishi utakuwa na nafasi.

Wako msomaji,
Mzazi Mtanzania,
Kaunti ya Meath, Ireland